Taa ya Karabai Kwenye Folda ya Wavuvi

Katika steshenari ninayofanyia kazi hapa Mwanga, mjini Kigoma, kompyuta iliyo karibu na dirisha hubeba kazi za watu wengi kwa pamoja: barua za maombi ya kazi, risala za harusi, katiba za vikundi, mitihani ya majaribio ya shule mbili tatu, na hesabu za wafanyabiashara wa mawese na dagaa ambao wameona ni salama zaidi kuzitunza kwetu kuliko kwenye karatasi zinazolowa. Kwa muda mrefu kazi hizo zote zilikaa ndani ya folda za njano zinazofanana kama punje za mahindi. Kila mteja alipoingia nililazimika kupitia majina moja baada ya jingine mpaka nifike kwenye lake, huku yeye amesimama nyuma ya kiti changu akisoma majina ya wenzake, na jambo hilo la mwisho lilinisumbua kuliko usumbufu wangu mwenyewe, kwa sababu mtu aliyeniachia hesabu zake hakunipa ruhusa ya kumtangaza kwa kila anayekuja kutoa kopi.

Siku moja alikuja mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokamua na kuuza mawese, akitaka orodha ya michango ya wanachama. Nilimwamkia, akaitikia, akainama kwenye skrini na kuitazama kwa makini, kisha akauliza, "Mwanangu, letu ni lipi hapo? Mimi naona yote ni yaleyale." Mama huyu anajua kusoma, ila husoma polepole, na bila miwani hasomi kabisa, hata hivyo wenzake humwamini kwa kuwa hesabu ya madumu anayo kichwani tangu msimu uliopita. Nilimwonyesha kwa kidole, akashukuru, lakini niliona wazi kwamba siku nyingine angelazimika kuuliza tena. Jioni ile, baada ya kufunga mlango, nilikaa kutafuta namna ya kuipa folda yake sura yake yenyewe, na tangu siku hiyo kubadilisha ikoni, yaani ile picha ndogo inayowakilisha folda kwenye skrini, kumekuwa sehemu ya huduma yangu kwa wateja kama ilivyo kuchapa na kuprinti.

Hatua ya kwanza ni nyepesi, na yeyote mwenye Windows anaweza kuijaribu leo. Unabofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua Sifa (Properties) chini kabisa ya orodha, unakwenda kwenye kichupo cha mwisho kinachohusu mwonekano, na hapo utaona kitufe cha kubadilisha ikoni. Dirisha dogo litafunguka likiwa na picha nyingi ambazo Windows huzitunza ndani ya faili liitwalo shell32.dll, nyingine ziko katika imageres.dll, na zote mbili zimo katika folda ya System32. Watu wengi huishia hapo, na mimi pia niliishia hapo mara ya kwanza. Akina mama wa mawese niliwapa mti, wavuvi wa Kibirizi nikawapa nyota, shule moja nikaipa kufuli. Haikupita wiki mbili nikawa siwezi kukumbuka nyota ni ya nani, na yule mama alipokuja hakuutambua mti wake, kwa sababu ule mti haukuwa mchikichi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba picha isiyotoka katika kazi ya mwenye folda haimsaidii mwenye folda, hata ikiwa nzuri kiasi gani, na nikaamua kuchora mwenyewe.

Nilianza kwa kuchora mkungu wa chikichi. Katika ukubwa wa pikseli (nukta za skrini) 256 kwa 256 ulipendeza: kila chikichi ilionekana na weusi wake juu na wekundu wake chini, na miba ikachomoza katikati yake. Nilipoutazama mkungu uleule katika mwonekano wa orodha, ambako Windows huonyesha ikoni kwa pikseli 16 kwa 16, ulikuwa umegeuka doa jekundu lenye kingo chafu, na mtu yeyote angedhani ni nyanya iliyopondeka. Hesabu yenyewe inatisha ukiifikiria: picha ya kwanza ina nukta 65,536 na ya pili ina nukta 256 tu, yaani kwa kila nukta 256 nilizozihangaikia, Windows ilikuwa inabakiza moja.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo ningependa kila anayeanza alijue mapema, ni kwamba faili la ikoni la Windows, lile linaloishia na .ico, si picha moja. Ni kifurushi kinachoweza kubeba picha kadhaa za ukubwa tofauti, na Windows huchagua iliyo karibu zaidi na nafasi iliyopo. Ukiipa picha kubwa peke yake, itaipunguza yenyewe bila huruma. Ukiipa picha ndogo uliyoichora kwa ajili ya udogo huo, itaitumia kama ilivyo. Kwa hiyo ikoni moja ninaichora mara nne, kwa pikseli 16, 32, 48 na 256, na zile mbili ndogo huwa sizitoi katika zile kubwa hata kidogo, bali naziwaza upya tangu mwanzo. Programu ninayotumia ni GIMP, ambayo ni ya bure: kila ukubwa unauweka katika tabaka lake, na ukihifadhi kwa muundo wa .ico kila tabaka linakuwa ukubwa mmojawapo ndani ya kifurushi.

Kwa zile ndogo nimerudi kwenye penseli. Nina daftari la hesabu lenye vyumba vidogo, la aina ambayo watoto wa shule ya msingi hununua hapa dukani kwetu, nahesabu vyumba 16 kwa 16, nazungushia mstari, na naanza kujaza kimoja kimoja. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata Susan Kare, msanii aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alifanya vivyo hivyo: alitafuta karatasi yenye miraba, akaupa kila mraba kazi ya kuwa nukta moja ya skrini, na akachora ndani ya vyumba 32 kwa 32, kwa weusi na weupe tu. Miaka michache baadaye alichora pia ikoni za Windows 3.0, iliyotoka mwaka 1990, kwa hiyo mkono wake uko katika pande zote mbili. Nilifurahi sana kusoma habari ile, kwa kuwa kabla ya hapo nilidhani daftari langu ni dalili ya kukosa vifaa.

Mkungu niliuacha, nikaenda kwenye dumu. Kila mtu wa Kigoma akiona dumu la lita 20 anajua ni mawese au ni maji, na umbo lake linasimama vizuri hata kwa nukta chache: mstatili, mkono juu, mdomo upande mmoja. Lakini madumu yetu ni ya njano, na folda za Windows nazo ni za njano, hivyo dumu langu lilipokaa katikati ya folda nyingine lilimezwa kabisa. Nililipaka wekundu wa mawese yenyewe, ule unaokaribia rangi ya udongo wa Kasulu, nikaacha chumba kimoja cheupe pembeni kiwe mng'ao. Mama alipokuja mara ya tatu hakuuliza. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya dumu, akasema, "Hili hapa la kwetu," na akaketi kusubiri.

Folda ya wavuvi ilinitesa zaidi. Kikundi chao huvua dagaa, na nilichora dagaa mmoja kwa uangalifu wote, macho na mapezi, nikapata mstari wa kijivu. Nilichora fungu la dagaa, nikapata kokoto. Katibu wao ndiye aliyenipa jawabu bila kujua, siku aliyokuwa akinisimulia jinsi mwanga wa mbalamwezi unavyowaharibia kazi, kwa sababu dagaa hufuata taa pale tu usiku unapokuwa na giza. Basi nikachora taa ya karabai: kitako cha bluu, kioo cha njano nyepesi kikiwaka katikati, kofia juu, na nukta mbili za mwanga kila upande. Kwa vyumba 16 ilitosha. Ukiitazama skrini usiku kutoka mlangoni, utaiona taa ile kabla ya kitu kingine chochote, kama vile mtu aliyesimama ufukweni anavyoziona taa za mitumbwi zikiwa zimepangana ziwani.

Kulikuwa na swali jingine ambalo lilichukua siku kadhaa, nalo ni kama ikoni mpya ibaki na umbo la folda au iliache. Mwanzoni niliweka taa ndogo juu ya picha ya folda, lakini ndani ya pikseli 16 taa ilibakiwa na nafasi ya pikseli saba au nane, na haikuonekana. Kisha nikaiondoa folda kabisa, ikabaki taa tupu, na kijana anayenisaidia kazi akaibofya akidhani ni programu. Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Neno lenyewe la ikoni, kwa maana ya kompyuta, lilianza kutumiwa na David Canfield Smith katika tasnifu yake ya mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Stanford, naye alilichukua kutoka kwenye picha takatifu za makanisa ya Mashariki, ambazo kwa waumini wake hubeba kitu cha yule aliyechorwa. Mwaka 1981 kompyuta ya Xerox Star ilipoingia sokoni, skrini yake ilikuwa na karatasi, folda, kabati na vikapu vya barua, ili karani wa ofisini aone vitu alivyokwisha kuvizoea mezani pake. Umbo la folda lina kazi yake: linamwambia mtu kwamba ndani mna vitu vingine. Kwa hiyo nimeliacha, ila nimelishusha. Theluthi ya chini ya kila ikoni yangu ni mdomo wa folda, na taa, au dumu, au kitenge kilichokunjwa, kinachomoza humo kama kitu kilichowekwa mfukoni.

Hicho kitenge ni cha wafanyabiashara wawili wanaovuka ziwa kutoka Kalemie, upande wa Kongo, ambao barua zao huandikwa kwa Kifaransa. Majina ya folda zao kijana wangu alikuwa akiyakosea kila siku, picha hajaikosea.

Sasa niingie kidogo katika yanayofanyika ndani, kwa sababu asiyeyajua atahangaika siku ikoni zitakapotoweka. Ukiibadilisha ikoni ya folda, Windows haiichori picha hiyo juu ya folda. Inaandika faili dogo la maandishi liitwalo desktop.ini ndani ya folda hiyo, inalificha, na humo inaweka mstari unaoanza na IconResource, unaotaja mahali ikoni ilipo. Kisha inaitia folda yenyewe alama ya kusomwa tu. Alama hiyo haizuii kuandika ndani ya folda, kazi yake hapa ni kuiambia Windows kwamba kuna desktop.ini ya kusoma. Ukitaja ikoni iliyo kwenye diski ya kompyuta yako, kisha ukaihamisha folda kwa flashi kwenda kompyuta nyingine, mstari ule utaelekeza mahali pasipokuwepo, na folda itarudi kuwa ya njano. Dawa ni kuliweka faili la .ico ndani ya folda yenyewe, kulificha, na kuandika jina lake tupu kwenye mstari ule bila njia ndefu. Hapo folda inasafiri na sura yake, almuradi inakwenda kwenye Windows nyingine. Na ukibadilisha ikoni usione mabadiliko, usifikiri umekosea: Windows hutunza nakala za ikoni ilizokwisha kuzionyesha, na mara nyingi kuiwasha upya kompyuta kunatosha.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu yalikuja kunifaa siku ambayo sikuitarajia. Mteja mmoja alikuja na flashi iliyokuwa imepita katika kompyuta nyingi kabla ya kufika kwetu, tukaifungua, tukamprintia kazi yake, akaondoka. Asubuhi iliyofuata niliwasha kompyuta na kuona kwamba taa ya wavuvi haipo. Jina lao lilikuwepo palepale, lakini lilikuwa kwenye folda ya njano ya kawaida. Dumu nalo halikuwepo, wala kitenge. Nilikuwa nimekwisha kuishika kipanya ili nibofye, mkono nikaurudisha.

Virusi vya aina hii ni vya zamani na bado vinatembea kwenye flashi za mjini kwetu. Vinazificha folda zako halisi, kisha kwa kila folda vinaweka programu yenye jina lilelile na ikoni ya folda ya njano, na kwa kuwa Windows kwa kawaida haionyeshi herufi za mwisho wa majina ya mafaili inayoyafahamu, ile .exe inayotambulisha programu huioni. Ukiibofya ukidhani unafungua kazi zako, umekiendesha kirusi kwa mkono wako. Vilikuwa na majina ya wateja wangu wote, lakini picha vilikuwa nayo moja tu, ile ya njano. Niliamuru Windows ionyeshe herufi za mwisho, na zile zilizojifanya folda zikajitokeza zote zikiwa na .exe. Nilizifuta, nikaisafisha kompyuta kwa programu ya kukinga virusi, kisha nikazirudisha folda halisi kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d, inayoondoa ufiche. Folda zilirudi salama, lakini zote zikiwa za njano, na kwa dakika chache nilifadhaika mpaka nilipokumbuka ile alama ya kusomwa tu: amri ileile iliyoziokoa ilikuwa imeifuta. Nilitia attrib +r kwenye kila folda, na taa ikawaka.

Simshauri mtu aitegemee ikoni kama kinga. Kinga ni programu iliyosasishwa na zile herufi za mwisho kuachwa zikionekana muda wote, na kwetu sasa zinaonekana. Ikoni zenyewe zimewahi kuwa mlango wa hatari: mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kilitumia udhaifu katika namna Windows ilivyokuwa ikichukua ikoni za njia za mkato, kiasi kwamba kuifungua tu flashi na kutazama yaliyomo kulitosha kukiingiza, hadi Microsoft ilipotoa marekebisho mwezi Agosti mwaka huohuo. Kwa sababu hiyohiyo huwa sipakui mikusanyo ya ikoni inayokuja kama programu ya kusakinisha. Ikoni ni picha, ikija kama .png au .ico nitaipokea, ikija kama .exe naiacha. Vilevile sigusi mafaili ya mfumo kama shell32.dll ili kubadilisha ikoni zote kwa mkupuo, ingawa vijana wengi hupenda kufanya hivyo. Hitilafu moja humo inaweza kukunyima kompyuta nzima.

Wanaotumia Mac wana njia fupi zaidi: unafungua dirisha la taarifa za folda, unabofya picha ndogo iliyo juu, unabandika picha uliyokwisha kuinakili, na inaweza kufanyika hata kwa faili moja moja. Windows haikubali hilo kwa mafaili, kwani ikoni ya faili hufuata aina yake, na nadhani ni vizuri ibaki hivyo, maana alama ya waraka wa Word inakuambia ni programu gani itaufungua. Kwenye mfumo wa Linux wenye eneo-kazi la GNOME inafanyika pia kupitia sifa za folda, ila taarifa hiyo hukaa katika akaunti ya mtumiaji badala ya kukaa ndani ya folda, hivyo haisafiri.

Mwezi uliopita yule katibu wa wavuvi alikuja na vijana wawili wapya wa kikundi, na mmoja wao akauliza ile picha ya bluu na njano ni ya nini. Aliambiwa ni karabai. Alisema hajawahi kuiona ikiwashwa. Wao wamekuta taa za betri na za sola, na pampu na mafuta ya taa ni hadithi za baba zao. Nilimwambia katibu kwamba nitachora upya, niweke taa ya sola. Alifikiri, akauliza kile kialama cha kuhifadhi kazi ninachokibofya kila mara kwenye Word ni picha ya kitu gani. Nikamweleza kuwa ni disketi, ambayo ilibeba megabaiti 1.44 tu, na kwamba Sony waliacha kuziuza huko Japani mwaka 2011. Akamgeukia yule kijana na kumuuliza kama amewahi kuiona disketi. Hajawahi. "Na kuhifadhi anajua," katibu akasema. "Basi iache taa yetu, mwanangu. Hata hizi za sola, tukiwa ziwani tunaziita karabai."

Nimeiacha. Nimeongeza chumba kimoja tu cha mwanga upande wa kushoto, kwa sababu katika ukubwa wa 16 taa ilikuwa imelalia kulia kidogo.